Kuchagua Kinyago cha Mpingo kwa Sikio la Mpiga Dramu

Mpiga dramu wa muziki wa roki hachagui vijiti vyake kwa haraka. Huviviringisha mezani aone kama vimenyooka, kisha hukigonga kimoja, akakigonga na cha pili, akasikiliza. Vikitofautiana sauti, jozi hiyo anairudisha. Mtu wa namna hii akiacha bendi siku moja na kushika patasi, hafiki mikono mitupu kwenye kazi ya uchongaji. Tayari anajua kwamba mti una sauti, kwamba kila pigo lina kipimo chake, na kwamba pigo lililozuiwa lina thamani sawa na lililopigwa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotenganisha kinyago bora na kinyago cha kawaida, na mnunuzi yeyote anaweza kujifunza kuyatambua. Nitayaeleza kupitia vinyago vya Kimakonde vya mpingo, kama vile vinavyochongwa na kuuzwa Mwenge, Dar es Salaam.

Ujue mti kwanza

Mpingo halisi hauna weusi wa makaa. Kiini chake ni kahawia iliyokolea, yenye uzambarau na michirizi myeusi, na kukizunguka kuna tabaka jembamba la mbao yenye weupe unaoelekea njano. Kinyago cheusi tii kila mahali, hata ndani ya mikunjo na chini ya kitako, kina uwezekano mkubwa wa kuwa mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu. Kigeuze uangalie kitako, maana wapakaji wengi huchoka kabla ya kufika huko. Kukisugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu uone kama rangi inatoka hakutoshi kukupa jibu, kwa kuwa hata mafundi wazuri humalizia mpingo halisi kwa kiwi kidogo au nta.

Uzito husema zaidi. Mpingo huzama majini: kipande chenye ujazo wa lita moja huzidi kilo moja. Kinyago kinachojaza kiganja kinapaswa kukushtua kidogo unapokiinua.

Kisha kigonge. Kishike kwa vidole viwili bila kukibana, ukipige polepole kwa kifundo cha kidole. Mpingo ndio mti ambao watengenezaji wa klarineti na oboe wa Ulaya wameupenda kwa muda mrefu, kwa sababu ni mgumu, ni mzito, na nyuzi zake zimeshikana sana. Kinyago kizima kitajibu kwa sauti kali iliyo safi. Sauti iliyokufa, au yenye mtetemo kama wa kitu kilicholegea, huashiria ufa uliojificha au kiungo kilichogundishwa. Linganisha vinyago vya ukubwa na umbo linalokaribiana, kwani pande nene halilii kama mkono mwembamba.

Fuatilia mapigo ya chombo

Fundi huanza kwa shoka na tezo, hufuata patasi na nyundo, kisha kisu, tupa, na mwisho msasa. Mpingo hufanya vyombo kuwa butu upesi, hivyo mchongaji asiyenoa mara kwa mara huacha ushahidi: nyuzi zilizochanika na mikwaruzo isiyo na mwelekeo. Kwenye tumbo au paji la uso msasa utakuwa umefuta yote. Angalia mahali msasa usipofika: katikati ya vidole, nyuma ya masikio, chini ya kwapa, ndani ya mdomo. Ukikuta huko mikato iliyo safi na inayofuatana kwa mpango, umekutana na fundi.

Tazama pia nyuzi za mti zinaelekea wapi. Mkono mrefu, shingo au mguu mwembamba unapaswa kulala sambamba na nyuzi. Ukizikata nyuzi kwa upana, kiungo hicho kitavunjika siku moja kwa kuguswa tu. Fundi mzuri huusoma mti kabla ya pigo la kwanza, akaupanga mwili wa kinyago uufuate.

Pima nafasi zilizo tupu

Hapa ndipo sikio la mpiga dramu linapofaa zaidi. Wimbo wa roki unaweza kuharibiwa na mpigaji anayejaza kila upenyo kwa mapigo, na kinyago huharibiwa na mchongaji anayechimba kila palipobaki.

Chukua mtindo wa shetani, ambao kuanza kwake mwishoni mwa miaka ya 1950 huhusishwa mno na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam. Viumbe wake wamepinda, wana jicho moja au mdomo uliohama, na miili yao imejaa matundu. Tundu zuri lina kazi: linaupeleka mkono kwenye goti, linauachia mwanga upite, linayafanya macho yako yazunguke hadi upande wa pili. Ziba tundu moja kwa kidole, uangalie. Kinyago kisipopungukiwa na kitu, tundu hilo lilichimbwa kwa mazoea.

Ujamaa una mtihani mwingine. Ni nguzo ya watu wanaobebana, yote ikitoka katika gogo moja, na Roberto Yakobo Sangwani ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Chagua mtu mmoja katikati ya nguzo, uulize: anambeba nani, na nani anambeba? Katika kazi bora uzito unaonekana ukishuka kutoka bega hadi mgongo hadi kiganja, na kila uso una umri na hali yake. Katika kazi duni vichwa vimerudiwa kama vimepigwa muhuri, na miguu inaning'inia bila kukanyaga kitu.

Mitindo yote miwili haina mgongo wa kufichwa ukutani. Zungusha kinyago taratibu. Upande utakaoukuta umelainishwa tu bila kuchongwa utakuonyesha fundi alipochoka.

Nyufa na mng'ao

Ufa huanzia mara nyingi kichwani au kwenye kitako, nyuzi zinapoishia. Mpingo hukauka polepole mno, na fundi anayechonga mti mbichi kwa sababu ni laini zaidi humwachia mnunuzi deni la nyufa. Wengine huziba kwa vumbi la mpingo na gundi. Inamisha kinyago kwenye mwanga wa pembeni: palipozibwa hapana michirizi, na mng'ao wake umefifia. Ufa mdogo uliotulia, ambao fundi amekuonyesha mwenyewe, haupunguzi kazi. Uliofichwa unapunguza imani yako kwa kila kitu kingine alichokuambia.

Ukifika nyumbani, kiweke mbali na dirisha la jua na upepo wa kiyoyozi.

Bei na uhai wa mti

Mpingo huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Uliza gogo lilitoka wapi. Kilwa, mkoani Lindi, vipo vijiji vinavyoimiliki na kuisimamia misitu yao na kuuza mpingo kihalali, na hilo linaonyesha kwamba swali lako lina jibu. Kinyago cha haraka kinautumia mti wa umri uleule na kinyago bora. Kwa hiyo mwenye fedha za kununua vitatu vya kawaida afadhali anunue kimoja kizuri.

Kabla ya kulipa, keti na aliyekichonga kama yupo. Mwoneshe sehemu moja iliyoachwa bila kuguswa, umwulize, "Mzee, hapa mbona uliacha?" Anayechonga kwa kukariri atakuambia kazi ilikuwa imekwisha. Fundi atakigeuza kinyago, akuonyeshe nyuzi zinapobadilika mwelekeo, ubavu uliokuwa ukitafuta nafasi, au tabaka jeupe aliloamua kulibakiza. Huyo mlipe bei aliyotaja.