Sanduku Ling'arishalo Picha

Uhakiki, msomaji, haukuwekwa kwa ajili ya mashairi na riwaya peke yake. Kila kitu ambacho mtu hukifanya kwa nia ya kumpendeza mwenziwe, kisha akakitia sifa ili kinunuliwe, chastahili kuhakikiwa. Na sifa zenyewe zastahili kuhakikiwa zaidi ya kitu. Leo nataka tuhakiki pamoja chombo kimoja cha dukani, yaani risiva ya sinema ya nyumbani, na hasa ile aina ambayo wauzaji huisifu kwamba haishughulikii sauti tu, bali huing'arisha na picha pia. Swali letu ni fupi: je, inunuliwe?

Sikulichagua swali hili kwa mchezo. Chama cha filamu katika chuo cha ualimu nifundishamo kilichanga fedha kwa miaka miwili, wanafunzi wakitoa kidogo kidogo katika posho zao. Mimi, kwa kuwa ni mlezi wa chama, nilitakiwa kutoa shauri. Dukani palikuwa na risiva mbili. Nguvu zao za sauti zilikuwa sawa. Lakini ya pili iling'arisha picha, na bei yake iliizidi ya kwanza kwa theluthi nzima. Fedha zetu zilitosha kuinunua hiyo ya pili, zikabaki za nauli tu. Ukikosea kwa fedha yako, hasara ni yako na siri ni yako. Ukikosea kwa fedha ya wengi, kila mmoja wao ana haki ya kukuuliza.

Kwanza yatupasa kuifahamu kazi ya chombo. Risiva hupokea sauti na picha kutoka katika vyombo vingine, kama vile mashine ya DVD au king'amuzi. Sauti huitia nguvu na kuigawa kwa spika zilizowekwa kuzunguka chumba, na picha huipeleka kwenye televisheni. Risiva ya kawaida huipeleka picha kama tarishi apelekavyo barua bila ya kuifungua bahasha. Ile ya pili huifungua bahasha, huyasoma maandishi, huyasahihisha, kisha ndipo huyapeleka.

Je, husahihisha nini? Picha ya DVD ya mtindo utumiwao Kenya huwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Jumla yake ni nukta 414,720. Televisheni ya ukubwa wa 1080 ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Gawanya, nawe utaona kwamba hesabu ya pili ni mara tano kamili ya ile ya kwanza. Basi picha ya DVD ikienea katika kioo kizima, katika kila nukta tano uzionazo, nne hazikutoka katika diski. Zimebuniwa na mashine kwa kuzitazama jirani zake. Na katika televisheni ya 4K, yenye nukta 8,294,400, zilizobuniwa ni kumi na tisa katika kila ishirini.

Fikiri juu ya mnakili wa tenzi za kale aliyepewa karatasi iliyoliwa na mchwa. Pale ilipotoboka herufi moja, mnakili mwenye elimu huijaza kwa kulitazama neno zima, na mara nyingi hupatia. Lakini beti iliyoliwa yote hawezi kuirudisha. Akiiandika, ni beti yake mwenyewe. Ndivyo ilivyo mashine hii. Yaweza kubahatisha vizuri au vibaya, walakini haiwezi kukuonyesha unyoya wa ndege ambao kamera haikuunasa.

Iko na kazi ya pili. Picha za televisheni za zamani zilirushwa kwa nusu nusu: kwanza mistari ya witiri, kisha mistari ya shufwa, nusu 50 kwa kila sekunde. Televisheni za leo huonyesha mistari yote kwa pamoja. Nusu hizo zikiunganishwa ovyo, mtu akimbiaye huonekana kingo zake zimechanika kama meno ya kitana. Mashine hodari hujua wakati wa kuunganisha na wakati wa kubuni. Kazi hii ni ya ufundi wa kweli, wala simdharau aifanyaye.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Nukta za televisheni haziongezeki wala hazipungui. Kwa hiyo kila televisheni ya siku hizi sharti iifanye kazi hiyo hiyo yenyewe; isipoifanya, picha ya DVD ingekaa katikati ya kioo kama stempu juu ya bahasha. Mnunuzi wa risiva ya pili halipii kazi ambayo isingefanywa. Hulipia ifanywe na mwingine. Mwaka 2007, Onkyo walipotoa risiva zenye chipu iitwayo Reon, malipo hayo yalikuwa na maana kubwa, kwa kuwa televisheni nyingi za siku zile zilikuwa dhaifu katika kazi hii. Tangu hapo televisheni zimeendelea mno, lakini sifa za risiva zimebaki vile vile. Usiisome sifa ya kitu bila kuuliza ilisemwa lini.

Siku ya kwanza tulipokwenda dukani, mwuzaji alitutilia filamu yenye bahari na matumbawe. Tulistaajabu sote, nami nilikuwa karibu kuutoa mkono mfukoni. Ndipo mwanafunzi mmoja alipouliza kwa adabu, "Mwalimu, diski hii ilirekodiwa kwa ukubwa gani?" Tulitazama kasha lake: ilikuwa Blu-ray ya 1080, na televisheni ilikuwa ya 1080. Mashine haikuwa na nukta hata moja ya kuongeza! Tulikuwa tukiisifu risiva kwa uzuri wa diski. Sidhani kama mwuzaji alikusudia kutudanganya. Yamkini naye alikuwa amedanganyika kama sisi.

Juma lililofuata tulirudi na diski yetu wenyewe, DVD ya mchezo wa kuigiza ambao wanafunzi wa zamani waliupeleka katika tamasha. Tuliicheza mara mbili, mara ya kwanza televisheni ikifanya kazi ya picha, mara ya pili ikiifanya risiva. Tulipoketi hatua tatu kutoka kwenye kioo, wawili kati yetu waliona kwamba kingo za wachezaji ngoma zilitulia zaidi kidogo. Tulipoketi mahali ambapo ukumbini huwa ni safu ya nyuma, hapana aliyeona tofauti. Kisha tukajaribu sauti: spika za televisheni kwanza, spika za risiva baadaye. Katika mchezo ule bibi mmoja humnong'oneza mjukuu wake jina la baba yake. Kwa spika za televisheni tulimwona akipepesa midomo. Kwa spika za risiva tulilisikia jina. Hapo hapakuwa na haja ya kuulizana.

Walakini hukumu ya haki husikiliza pande zote. Mwalimu mwenzangu alileta hoja nzito. Alisema kwamba chuo kina kanda za zamani za kwaya na michezo, na kwamba mashine ya kanda haina tundu la HDMI, kwa kuwa waya huo kanuni zake zilitolewa mwaka 2002, nayo ni ya kabla ya hapo. Tena televisheni yetu mpya haina matundu ya waya za rangi. Risiva ya ghali ingezipokea waya hizo na kuipeleka picha kwa HDMI. Hoja hii ilinilaza macho. Jibu nililolipata ni kwamba kanda zenyewe zinaoza, na kila mwaka upitao hupunguza kilichomo. Risiva ingetuwezesha kuzitazama zikifa. Kinachofaa ni kuzinakili upesi.

Basi tuliinunua ya kwanza. Fedha iliyosalia ilinunua pazia nzito za madirisha ya ukumbi, maana jua la alasiri huiharibu picha kuliko upungufu wowote wa nukta. Ilinunua na spika ya katikati ipasayo maneno. Na ilimlipa fundi aliyezinakili kanda. Nyuso za waimbaji wa zamani zingali na ukungu, na nakiri kwamba risiva ya pili pengine ingeupunguza ukungu huo kidogo.

Wewe waweza kufikia uamuzi mwingine na usiwe umekosea. Mwenye projekta ya zamani na ukuta mpana huziona dosari ndogo zimekuwa kubwa, na msaada wa mashine hodari humfaa. Ila akiinunua, aiache mashine moja tu ifanye kazi. Risiva na televisheni zikishindana kuinoa picha ile ile, watu huzungukwa na mistari myeupe isiyokuwako.

Siku utakaposimama mbele ya kioo cha duka, iwe ni kwa risiva, simu au gari, uliza mambo matatu: Kazi hii isifiwayo ni ipi hasa? Nani anaifanya sasa? Nami nikiketi mahali pangu pa kila siku, nitaiona? Na ukiweza, nenda na rafiki asiyeona haya kuuliza, na uchukue diski yako mwenyewe.