Tukisema "Boresha", Tunamaanisha Nini?

Neno "sakinisha" limefaulu: programu inapewa makazi ndani ya kompyuta. Tatizo ni "sasisha" na "boresha", ambayo baadhi yetu walimu tunayabadilishana ovyo. Katika Ubuntu, mfumo huria uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004, amri ya "apt update" husoma upya orodha ya programu tu. "Apt upgrade" ndiyo huleta programu mpya zaidi. Kuhama toka toleo la 22.04 hadi 24.04 ni jambo la tatu, nalo hutaka mtu ahifadhi kwanza nakala ya kazi zake. Mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu, akiambiwa "boresha", afanye lipi? Ningependekeza: sasisha orodha, sasisha programu, hamia toleo jipya.