Mwamba wa Kolo na Msomaji wa Pwani

Mtunzi wa pwani akiitaja bara, hutaja njia. Hutaja Bagamoyo, Ugogo na Tabora, kisha Ujiji ziwani. Pembe, wapagazi na hongo. Hata maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, yana jicho la mpita njia: nchi ni masafa, na mji ni mahali pa kupumzisha mizigo.

Atokaye Tabora kwenda kusini hupita Sikonge, akafika Ipole, nchi ya miombo na asali. Historia ya huko imekaa katika vitu vinavyooza: mzinga wa gogo, kijia cha miguu, wimbo wa mpagazi wa Kinyamwezi. Mimi nimekuwa nikiusoma ukimya huo kama hali ya bara yote. Lakini msafara uliorudi mashariki ulikata Ugogo, na kaskazini ya Ugogo ipo Kondoa Irangi, ambako wafanyabiashara wa pwani walikwisha kupiga kambi kabla ya Mjerumani kuweka boma lake. Huko, katika miamba iliyojiinamia juu ya mabonde, kuna andiko lisilooza upesi. Wawindaji walilichora kwa rangi nyekundu maelfu ya miaka kabla ya msafara wa kwanza, na wenzetu walipita karibu nalo wakihesabu pembe.

Mapango yenye michoro yanapindukia 150, yametawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Yajulikanayo zaidi ni ya Mungomi wa Kolo. Njia ya kuyaendea hupanda mlima kwa miguu, na chini hubaki mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu. Mgeni aliyezoea picha za vitabuni hushangaa kwanza kwa udogo wa mambo. Wanyama na watu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa wamepandana, huyu juu ya yule. Rangi imefifia, na jicho hulazimika kuzoea kabla halijatenga mguu wa mtu na mguu wa pofu. Kwingine rangi nyeupe, ambayo ni ya wakulima waliokuja baadaye, imepakwa juu ya nyekundu bila kuomba radhi.

Mary Leakey alifanya kazi kubwa huko mwaka 1951, akahesabu mahali 186 penye michoro na kunakili mingi kwa karatasi angavu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, na kwa wengi wetu ndicho Kondoa. Ni kitabu kizuri, nami nina ugomvi nacho. Kila sura imetolewa mwambani, ikasafishwa na kuwekwa peke yake kwenye karatasi nyeupe. Tembo hana jirani. Moshi hauonekani, wala ufa wa jiwe, wala ile rangi ya watu wa baadaye.

Chukua mchoro mmoja mashuhuri wa Kolo: watu watano, wa katikati kashikwa mikono kutoka pande mbili. Leakey aliona mwanamke anayetekwa. Tangu hapo jina hilo la utekaji limeugandama mchoro, na mgeni huambiwa kabla hajatazama. Mwaka 1986 J. D. Lewis-Williams aliisoma sanaa ya nchi hii kwa njia ya ngoma ya kupandisha. Na kwa usomaji huo yule wa katikati hatekwi, anashikwa asianguke. Mikono ni ile ile. Mimi naelemea usomaji wa pili, kwa sababu ya wembamba wa miili na ajabu ya vichwa, lakini sitaapa.

Wapenzi wa mashairi wanalijua jambo hili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilitufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya pamoja na W. E. Taylor, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Sikujua hakutoa maneno matupu. Alieleza nani aliyejibiwa, kwa ugomvi gani. Bila yeye, fumbo la Muyaka la chombo na tanga tungelisoma kama habari za baharini. Kondoa, mnakili alikuwapo na karatasi yake ilikuwa safi. Sikujua wake hakuitwa.

Tena alikuwapo. Eric ten Raa alikaa na Wasandawe, na alipoandika mwaka 1971 alionyesha kuwa michoro kwao ilifungamana na matambiko yaliyokuwa bado hai, pamoja na simbo, ngoma yao ya kupandisha. Hiyo ni miaka 20 baada ya zile karatasi angavu, na miaka 12 kabla ya kitabu kutoka. Warangi nao wanaendelea kutambika Mungomi wakiomba mvua na uponyaji. Mhifadhi huiogopa pombe inayorushwa ukutani, na hofu yake ina haki, kwani rangi ikishatoka hairudi. Walakini mwamba uliozungushiwa uzio na kuachwa bila mtambikaji ni diwani iliyofungiwa kabatini.

Uchunguzi haujakoma. Katika pori la Swaga Swaga, Maciej Grzelczyk alikuta mapango 52 yenye michoro mwaka 2018, na mwaka 2021 akatangaza kwa Kiingereza moja lenye watu watatu wenye vichwa kama vya nyati. Nangoja kitabu cha Kiswahili kitakachochapa ukuta mzima, pamoja na masizi na ile rangi nyeupe iliyoingilia nyekundu, na pembeni mwa ukurasa maneno ya Msandawe na Mrangi kwa majina yao, jinsi Sikujua alivyoandika pembeni mwa Muyaka.