Jicho la Chombo

Mwenye jarida la boti za kifahari akitaka nembo, asiende mbali: ateremke Bandari ya Kale, Mombasa, awaulize wanaojua vyombo. Mafundi wa pwani hii walilimaliza somo la nembo zamani. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulichorwa macho omoni. Majahazi na mashua za Lamu bado hupigiliwa kibao cha duara kila upande, mara nyingi chenye mwezi na nyota.

Hongera zangu ziende kwa mikono ya mafundi hao. Fundi hana karatasi nyeupe. Ubao wake umepinda, unapigwa na chumvi na jua, na anayetazama yuko ng'ambo ya mkondo huku chombo kinayumba. Kwa hiyo umbo ni moja, rangi ni chache na zinapingana, na macho sharti yalingane. Nani atapanda chombo chenye makengeza?

Wabunifu wa kompyuta hupenda kurundika nanga, usukani, wimbi na taji juu ya herufi. Fundi wa omo huishia kwenye duara, na chombo kinatambulika kabla jina lake halijasomeka.