Tarakimu Moja Baada ya Nukta

Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, toleo la kumi, mtu aliyeanguka kutoka mtini ana namba yake: W14. Mkazi wa Bujonde akiambiwa hivyo hashangai. Huku kwenye bonde la Kyela, kati ya mpunga na kakao, watu hukwea michikichi kukata chikichi za kukamulia mawese, na wengine huanguka. Anayevunjika uti wa mgongo hupelekwa hospitali ya wilaya, na kwa kawaida hupewa rufaa kwenda Mbeya, kupitia Tukuyu. Akirudi nyumbani miguu imepooza, faili lake huwa ndiyo kwanza limeanza kunenepa.

Ninayetaka kumsifu ni mtu wa faili hilo, mtunza kumbukumbu za afya, ambaye mgonjwa pengine hamjui hata kwa sura.

Tatizo lenyewe linajificha. Mwezi wa pili au wa tatu baada ya kupooza, nyonga inaweza kuvimba, kupata joto na kuanza kukaza. Mgonjwa anaweza asisikie maumivu yoyote, maana hisia zimekatika. Daktari hufikiria kwanza damu iliyoganda kwenye mshipa, au usaha, na eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Wiki kadhaa baadaye picha inaonyesha mfupa mpya umeota ndani ya nyama, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mfupa. Augusta Dejerine-Klumpke na mwenzake Ceillier waliueleza mwaka 1918 nchini Ufaransa, walipokuwa wakichunguza askari waliopoozeshwa na majeraha ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mfupa huo ukifunga nyonga, mtu hawezi tena kukaa sawasawa kwenye kiti cha magurudumu, na vidonda vya mgandamizo havichelewi.

Kwenye faili daktari ameandika hali hiyo kwa maneno mawili tu ya kitabibu, miositisi osifikansi, kwa mwandiko wa mtu mwenye foleni mlangoni. Mtunza kumbukumbu anaanzia juzuu ya tatu, yaani faharasa. Akisoma maneno hayo mawili peke yake na kufunga kitabu, atatoka na M61.5, kapu la "mengineyo". Aliyebobea hushuka mstari kwa mstari. Kuna M61.0 kwa nyama iliyogeuka mfupa kwa sababu yenyewe iliumia. Kuna M61.3 kwa aliyeungua moto. M61.2 ni ya aliyepooza. Kisha anarudi juzuu ya kwanza kuhakikisha, kwa sababu faharasa inaelekeza tu na uamuzi uko kwenye orodha kamili. Huko ndiko anakokumbushwa pia kwamba chokaa iliyojikusanya kwenye kano haimo humu kabisa, inakwenda M65.2, au M75.3 ikiwa ni begani.

Iangalie M61.1. Inatofautiana na M61.2 kwa tarakimu moja baada ya nukta, lakini hiyo ni ya ugonjwa wa kijenetiki unaompata takriban mtu mmoja kati ya milioni. Chanzo chake, hitilafu kwenye jeni la ACVR1, kilitambuliwa mwaka 2006. Mwenye ugonjwa huo hata sindano ya msuli inaweza kumwotesha mfupa mwingine. Kidole kikiteleza, mkwezi wa Bujonde anageuzwa mgonjwa wa ugonjwa huo wa kijenetiki, na atakayelisoma faili lake baadaye anaweza kuogopa kumchoma sindano anayoihitaji.

Ugumu wenyewe hasa uko hapa: aliyeanguka kutoka mtini huenda alipooza na paja pia likagonga chini. Ni M61.2 au M61.0? Kukisia ni marufuku. Mtunza kumbukumbu mzuri huchukua faili na kulirudisha wodini. "Samahani Daktari, huyu nyama imeota mfupa baada ya kupooza, au paja lenyewe liliumia? Na miguu imelegea au imekakamaa?" Swali la pili linahusu G82, namba ya kupooza kwenyewe: iliyolegea ni G82.0, iliyokakamaa ni G82.1. Nawaheshimu sana watu wenye ujasiri wa kuuliza hivyo saa nane mchana, mbele ya daktari aliyechoka.

Jibu likipatikana, anaongeza tarakimu ya mahali, 5 kwa nyonga na paja, inakuwa M61.25. Wamarekani huongeza nyingine ya kulia au kushoto. Anaweka T91.3 kwa athari za jeraha la uti wa mgongo lililokwisha kupita. Halafu anafanya jambo ambalo wengi husahau: haandiki tena W14. Kuanguka kulikuwa miezi iliyopita na sasa yanatibiwa yaliyofuata, kwa hiyo inakaa Y86, namba ya athari za ajali iliyokwisha kupita.

Katika ripoti ya mwezi ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kutoka zahanati, mgonjwa kama huyu huingia tu kwenye mstari wa magonjwa mengine, na hilo halina lawama, fomu ile ilitengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya kawaida kama malaria na kuhara. Hospitali ya rufaa ndiyo inayoweza kumwandika kamili. Mfiziotherapia akitaka siku moja kujua ni wangapi kati ya waliopooza wamefungwa nyonga, ili apange mazoezi au ajue wa kupelekwa kwa daktari wa mifupa, ataitafuta M61.2, na mtu wa Bujonde atakuwemo.