Mwongoza Wageni Hupimwa Mkiani

Wageni wakirudi Lushoto mjini kutoka Irente, sifa ya kwanza wanayompa kijana aliyewaongoza ni kwamba amewafikisha upesi. Nyuma yao anakuja mama amejishika ubavu kwa kichomi, na mtoto amebebwa mgongoni. Sifa hiyo inaudhi. Kutoka stendi hadi kwenye majabali ya Irente, kwa kupitia Yoghoi, ni kama kilomita tano. Hakuna familia inayolipia nusu siku ili iharakishwe.

Kazi nzuri huonekana kabla mji haujaisha. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na wengi wa wageni jana yake walikuwa Tanga au Dar es Salaam, usawa wa bahari, kabla basi halijawapandisha kona za Mombo na Soni. Mwongozaji anayejua kazi huanza taratibu mno, hadi vijana waone anawachelewesha. Wakati wa kupanda hasimulii. Anayehubiri habari za Wajerumani walioiita Lushoto Wilhelmstal katikati ya mlima huwalazimisha watu kujibu wakati pumzi hawana. Miwani ya jua pia hapana: watoto wanataka kuyaona macho ya mtu wanayemfuata.

Asiyejua hutazama kichwa cha msafara. Kazi yenyewe iko mkiani, tena kwenye vituo. Kila penye mwinuko mkali kikundi hukatika: baba na vijana wako juu, mama na mtoto wa miaka sita bado wako chini. Mwongozaji wa kawaida husimama kivulini akawasubiri, na watu humsifu kwa subira. Mama akitokea anahema, kijana hutupa begi begani: "Haya, twendeni." Waliotangulia wamepumzika dakika nane. Aliyechoka kuliko wote hajapata hata moja. Hayo yakirudiwa vituo vitatu au vinne, mama huyo anakuwa ametembea asubuhi nzima bila kupumzika, kisha anaambiwa hana mazoezi. Naye huamini, na safari ijayo hubaki hotelini.

Fundi huanza kuhesabu mapumziko pale wa mwisho anapoketi. Maji humpa yeye kwanza. Begi halifungi, kwa kuwa mlio wa zipu pekee huwainua watu. Wenye haraka huwapa kazi: watafute mti wa mkulo kati ya mikaratusi, au wahesabu matuta ya karoti na kabichi upande wa pili wa bonde. Wakiondoka, mtoto hutembea nyuma yake moja kwa moja, na kasi ya kikundi chote inakuwa kasi ya mtoto. Mkongwe mmoja, wa wale walioanza miaka ya 1990 utalii wa kitamaduni ulipoingia kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, alikuwa akiona mtoto anachoka, anainama kufungua na kufunga upya kamba za viatu vyake mwenyewe. Hakuna aliyejua wamesimama kwa ajili ya nani. Wakongwe hao walisalimu kila nyumba kwa Kishambaa, na wenyeji wakawaitikia kwa majina. Siku hizi vijana wengi hupita na muziki wa simu.

Mafundi wa mtoni nao wanajua kwamba kazi iko mkiani. Pale Sagana, Kenya, ambako familia hushushwa Mto Tana kwa boti la mpira, mwongozaji hukaa nyuma kabisa, migongo yote iko mbele ya macho yake.

Vishoka, yaani waongozaji bandia, nao wana mchezo wao, kinyonga. Humwokota mapema, wakamweka kwenye kichaka cha njiani, halafu wakajifanya wamemgundua. Dalili ni kwamba kishoka hatafuti: huenda moja kwa moja kwenye tawi. Kisha mnyama hupitishwa mkono kwa mkono kwa ajili ya picha. Kinyonga wa pembe mbili wa Usambara Magharibi ni kiumbe wa milima hii tu, na fundi humwacha tawini akamwonyesha kwa unyasi.

Mahali pamoja tu fundi huacha mkia akatangulia: kwenye ukingo wa Irente, ambapo ukuta wa mlima unashuka takriban mita 1,000 hadi tambarare ya Mazinde. Hufika kwanza, akasimama kati ya watoto na ukingo, akawaketisha, ndipo akaanza kuonyesha mkonge, reli ya Tanga na nyika ya Wamasai. Kukiwa na ukungu uliofunga, huwa amekwisha kuwaambia mjini, kabla ya kupokea hela.

Chakula kwenye shamba la Irente, mkate, jibini na jamu, ni kizuri hata ukiongozwa vibaya, kwa hiyo kisihesabiwe. Kinachohesabiwa ni kurudi. Udongo mwekundu ukilowa huteleza, na magoti yaliyochoka hayashiki. Kwenye mteremko mwongozaji hutembea hatua moja chini ya mtoto, kifua kikiwa tayari kumpokea, na wakati wa masika hurudi kwa barabara ya gari hata wageni wakilalamika kwamba haina mandhari.