Ufundi wa Kuweka Madokezo

Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, alipofariki mwaka 1998 aliacha vitabu vingi na masanduku yenye karatasi ndogo zipatazo 90,000 alizozijaza mwenyewe kwa miongo kadhaa. Kila karatasi ilikuwa na namba ya kudumu. Wazo jipya likizaliwa na lile la karatasi 1/1, hakulipeleka mwisho wa safu. Alilichomeka papo hapo nyuma yake akaliita 1/1a. Karatasi moja ilitaja namba ya nyingine iliyoko sanduku la mbali, naye akizifuata namba hizo alikutana na mambo aliyokwisha kuyasahau. Mwaka 1981 aliandika makala nzima kueleza jinsi alivyokuwa akizungumza na masanduku yake.

Vladimir Nabokov naye alikuwa mtu wa kadi. Sehemu kubwa ya riwaya ya Lolita aliiandika kwenye kadi, akiwa katika safari za kusaka vipepeo huko Marekani, mkewe Véra akiendesha gari. Lakini kadi zake hazikuwa na haja ya kutajana. Alizipenda kwa kuwa zilipangika upya: leo aandike tukio la mwisho, kesho la katikati, kisha azichanganye hadi hadithi ikae sawa. Alipofariki mwaka 1977 aliacha kadi 138 za riwaya isiyokamilika, na zilipochapishwa mwaka 2009 zilitolewa kwa sura yake ya kadi, msomaji akitaka aweze kuzichomoa na kuzipanga apendavyo.

Vipande vya karatasi ni vilevile, ila Luhmann alivirudia kufuata nyuzi, Nabokov alivirudia kubadili mpangilio. Namna ya kurudia ndiyo iliyowatenganisha, wala si namna ya kuandika. Nalisema hili mapema kwa sababu mabishano mengi ya siku hizi kuhusu programu ya madokezo huanzia upande wa kuandika: ipi ina rangi nzuri, ipi ina fonti za kuvutia, ipi inakubali kalamu ya kioo. Kuandika si tatizo. Hata risiti ya dukani huandikika mgongoni.

Mafundi wa kazi hii wako wengi mitaani petu, ila hatujazoea kuwaita hivyo. Mwangalie fundi cherehani na daftari lake la vipimo. Jina la mteja, tarehe ya kuchukua nguo, kisha safu ya tarakimu: kifua, kiuno, bega, mkono, urefu. Hakuna sentensi hata moja. Pengine kuna mchoro wa shingo uliochorwa haraka, na kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini ili nguo ya mama huyu isishonwe kwa kitambaa cha yule. Mteja akirudi baada ya miezi, fundi hufungua kurasa chache tu, kwa maana anakumbuka alikuja karibu na Idi au karibu na harusi fulani. Kila alama katika daftari lile imewekwa kwa ajili ya siku ya kurudi. Mwongezee fundi huyo programu yenye majedwali na viungo, utakuwa umempunguzia mwendo.

Kwa hiyo anayetafuta programu na aanze kwa kujichunguza, kabla hajapakua chochote. Atazame madokezo aliyonayo sasa, yalipo. Yuko anayejitumia ujumbe mwenyewe kwenye WhatsApp. Huyo anataka wepesi, na Google Keep au programu iliyokuja na simu yake itamtosha. Mwanafunzi anayepiga picha ubao badala ya kunakili anahitaji programu inayoweza kusoma maandishi ndani ya picha, la sivyo picha zake zitazikwa chini ya zile za sherehe. Mtafiti anayesoma kitabu akakumbuka kingine ndiye ndugu wa Luhmann. Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, ilijengwa juu ya viungo vya namna hiyo. Mwandishi wa hadithi atafute kinachomruhusu kuhamisha vipande. Notion inawafaa sana watu wanaofanya kazi pamoja wenye ratiba na majedwali, ingawa nimeona video nyingi za watu wakipamba kurasa zake kwa saa nzima bila kuandika dokezo hata moja. Huo nao ni ufundi, lakini wa mapambo ya ndani.

Liko jambo la pili, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana: madokezo yako yanakaa wapi? Kampuni hubadili nia. Google Notebook ilifungwa mwaka 2012. Evernote, iliyowahi kuwa kimbilio la wengi, mwishoni mwa 2023 iliwawekea watumiaji wa bure ukomo wa madokezo 50. Mtu mwenye maandishi ya miaka kumi hahami kwa siku moja. Ndiyo maana naona heri faili la maandishi ya kawaida, lile ambalo kompyuta yoyote hulifungua, au la Markdown, utaratibu wa alama chache uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, unaosomeka hata bila programu maalumu. Obsidian huhifadhi kwa namna hiyo kwenye kifaa chako, na Joplin hukuruhusu kuyatoa yote kwa Markdown. Faida yake utaiona siku bando limekwisha katikati ya mahojiano, au umeme umekatika na mtandao wa ofisi umelala nao. Kilichomo ndani ya simu kinabaki kinasomeka. Bado utahitaji nakala ya pili mahali pengine, kwani simu huibiwa.

Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna kipimo chetu, ambacho wanaosifia programu hizi kwa Kiingereza hawakitaji. Vitafutio vingi huanza kulinganisha kutoka mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza hilo linatosha mara nyingi, maana mzizi hukaa mbele. Kwetu mbele kuna viambishi: alilipa, hawajalipa, malipo, mlipaji. Kitafutio kinachotazama mwanzo tu kitapita hapo bila kuona kitu, nawe utaapa kwamba hukuandika. Kinachotafuta herufi popote zilipo ndani ya neno kitaleta yote manne, pamoja na mlipuko ambao hukuuomba. Takataka hiyo ndogo inavumilika.

Basi kabla hujalipia chochote, andika madokezo matatu ya majaribio. La kwanza liseme mteja alilipa jana. La pili liseme malipo hayajafika. La tatu lizungumzie jambo lingine kabisa. Zima intaneti, kisha tafuta herufi tatu, lip. Yakija yale mawili, endelea na programu hiyo. Yasipokuja, ifute ujaribu nyingine.